Msitafute Sindano, Tafuteni Mnyama

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wafugaji, wachinjaji na wauza maziwa, Dodoma. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Mbukwenyi! Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, vijana wa machinjioni, ndugu zangu wa madumu ya maziwa, habari za asubuhi.

Nianze kwa swali. Ng'ombe akikonda mwezi wa kumi, nani hapa anashtuka? Hakuna. Wala hakuna sababu ya kushtuka. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Desemba na kukatika Aprili, na ikifika Oktoba kila ng'ombe wa Bahi, Chamwino au Kongwa anahesabika mbavu. Sasa swali la pili. Mwezi wa tatu, majani yamefika magotini, ng'ombe wenzake wanang'aa ngozi, yeye bado mbavu ziko nje, na malisho anakula vizuri. Huyo je, nani anashtuka?

Mnacheka, lakini huyo ndiye ninayemtafuta leo. Kifua kikuu cha ng'ombe hujificha ndani ya kiangazi chetu. Kila mwaka kinapata miezi saba ya kusingiziwa njaa. Kwa hiyo mfugaji anayetaka kukiona asikitafute kiangazi. Akitafute masika, kundi likiwa limeshiba, kwa kumtazama yule mmoja aliyekataa kunenepa.

Tumezoea magonjwa yenye kelele. Kimeta kinaua usiku mmoja. Kideri kinaingia bandani Jumatatu, Ijumaa unaokota mizoga. Hata homa ya mapafu, ambayo wengi mnaichanganya na hiki kifua kikuu, ina haraka yake: mnyama anapata homa kali, anapumua kwa shida, anasimama ameshika shingo mbele na viwiko nje, na kundi linaanza kuanguka. Kifua kikuu hakina papara. Bakteria wengi hugawanyika na kuwa wawili katika muda usiofika saa moja. Huyu wa kifua kikuu huchukua kati ya saa 16 na 20. Ndiyo maana ng'ombe anaweza kuambukizwa akiwa mtamba, akazaa ndama wawili watatu, akakamuliwa, akapelekwa mnadani na kununuliwa, na muda wote huo hakuna aliyesema anaumwa. Dalili zikitokea ni ndogo: kikohozi kifupi, kikavu, cha asubuhi anapotoka zizini au anapofukuzwa. Tezi za kooni zinavimba. Maziwa yanapungua. Kukonda kunakuja mwisho.

Na anaambukiza vipi? Kwa pumzi, zaidi ya yote. Sasa fikirini tembe zetu. Ukuta mnene, paa la udongo, mlango mmoja, ndama na mbuzi wamelala ndani gizani. Lilijengwa hivyo kwa sababu nzuri: fisi, wezi, baridi ya Julai. Lakini bakteria huyu jua linamuua upesi, na penye giza na unyevu anakaa wiki nyingi, hata miezi. Kisha mchana kundi linakwenda kisimani au kwenye lambo, makundi sita yanakunywa birika moja, pua kwa pua. Kiangazi hakifichi ugonjwa tu, kinaukusanya pamoja.

Nije kwenye jambo la pili, na hapa ndipo pesa zenu zinapopotelea. Mfugaji akisikia kikohozi anakimbilia duka la pembejeo. Ananunua OTC, ile antibiotiki ya oksitetrasaiklini, siku tatu. Haikusaidia, ananunua penstrep, mchanganyiko wa penisilini na streptomaisini. Safari hii kikohozi kinapungua, na mfugaji anaamini amepona. Kwa nini kinapungua? Kwa sababu dawa hizo zinaua bakteria wengine waliokuwa wamejazana kwenye mapafu yaliyochoka, na ile streptomaisini iliyomo inamgusa kidogo hata wa kifua kikuu. Inamgusa, haimmalizi. Binadamu mwenye kifua kikuu anameza mchanganyiko wa dawa nne kwa miezi miwili, kisha dawa mbili kwa miezi minne, kila siku bila kuruka. Nani atamfanyia hivyo ng'ombe, na maziwa yake yatamwagwa wapi muda wote huo? Ng'ombe hatibiwi kifua kikuu. Narudia: ng'ombe hatibiwi kifua kikuu. Anayekuuzia sindano ya kukitibu anauza maji.

Kuna kisa hapa kinachofaa kusimuliwa. Mwaka 1882 daktari wa Kijerumani, Robert Koch, alitangaza amemwona bakteria wa kifua kikuu. Dunia ikamheshimu mno. Mwaka 1890 akatangaza tena: amepata dawa. Ilikuwa majimaji yaliyotokana na bakteria hao hao, akayaita tuberkulini. Wagonjwa wakamiminika Berlin. Wakadungwa. Hawakupona, na wengine wakazidiwa. Ilikuwa aibu kubwa. Lakini watu wakagundua kitu: ukimdunga mwenye ugonjwa, mwili wake unaitikia kwa nguvu kuliko wa mzima. Dawa iliyoshindwa kutibu ikawa kipimo, na kipimo hicho ndicho tunachotumia kwa ng'ombe mpaka leo. Msitafute sindano ya kuponya. Sindano iliyopo ni ya kumtambua mgonjwa.

Kinafanywaje? Nataka muelewe vizuri, maana kinavurugika kwa urahisi na mfugaji ndiye wa kwanza kukivuruga. Daktari wa mifugo ananyoa sehemu mbili katikati ya shingo, moja juu, moja chini, zipishane kama sentimita 12. Anakunja ngozi na kupima unene wake kwa kalipa, anaandika. Juu anadunga tuberkulini ya bakteria wa ndege, chini tuberkulini ya bakteria wa ng'ombe, kila moja mililita 0.1, ndani ya ngozi yenyewe. Si chini ya ngozi. Akimaliza, apapase: ikidungwa sawasawa, kinasikika kipele kigumu ukubwa wa punje ya njegere. Kisiposikika, dawa imepita, na jibu litakuwa la uongo. Baada ya saa 72 anarudi yeye mwenyewe, kwa kalipa ile ile, anapima tena.

Hesabu yake iko hivi. Tuseme ngozi ilikuwa milimita 8 pande zote. Siku ya kusoma, ya chini ni 15, imeongezeka 7. Ya juu ni 10, imeongezeka 2. Saba toa mbili, tano. Ikizidi 4, huyo ana kifua kikuu cha ng'ombe. Kati ya 1 na 4, hatujui. Arudiwe, lakini si kabla ya siku 42, kwa sababu sindano ya kwanza inauchosha mwili na hauitikii ipasavyo. Na ikiwa ya juu, ile ya ndege, ndiyo imevimba zaidi? Basi ng'ombe wako amekutana na bakteria wa jamii hiyo wanaotoka kwingine, pengine kwa kuku wanaolala juu ya hori lake. Kuku nitawafikia.

Sasa mambo yanayoharibu kipimo. Tuberkulini ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ile iliyosafiri mfukoni kwenye bodaboda kutoka mjini hadi Mpwapwa mchana wa jua, itupeni. Mabomba mawili ya sindano yakibadilishana, hesabu nzima imepinduka. Ng'ombe aliyezaa ndani ya mwezi mmoja na nusu anaweza kuonekana mzima na si mzima. Aliyedungwa deksamethasoni karibuni, dawa ya uvimbe inayolaza kinga ya mwili, hivyo hivyo. Aliyeambukizwa wiki mbili zilizopita bado mwili wake haujajua. Na la ajabu zaidi: yule aliyekwisha kabisa, mifupa mitupu, mara nyingine haitikii hata kidogo, maana kinga yake imekufa. Kwa huyo msiiamini kalipa, aminini macho yenu.

Na kosa la mfugaji? Ng'ombe wanadungwa Jumatatu, Jumatano kijana anawapeleka malisho ya mbali, Alhamisi daktari anakuta zizi tupu. Kazi yote bure, na dozi zote bure. Ukikubali kupimiwa, zizi lisiguswe mpaka siku ya nne, kata majani au weka mabua ya mtama. Na kila mnyama awe na hereni yenye namba. "Yule mwekundu mwenye baka" haitoshi. Wekundu wenye baka wako tisa.

Ndugu zangu, najua swali lililo vinywani mwenu. Wakionekana watatu, niwafanyeje? Jibu la vitabuni ni kuchinja wote mara moja. Lakini mwenye ng'ombe wanane, watatu wakiwa wagonjwa na wote wanakamuliwa, atakuitikia kwa heshima, kisha Jumamosi awapeleke mnada wa Msalato. Tuseme ukweli, hivyo ndivyo kundi la mtu mwingine linavyoambukizwa. Anayeuza ng'ombe aliyejua ni mgonjwa amemuuzia mwenzake zizi zima la ugonjwa, na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 haimwangalii kwa jicho zuri.

Kuna njia ya kati, na ina zaidi ya miaka mia. Huko Denmark, miaka ya 1890, daktari wa mifugo Bernhard Bang alikuta makundi ambayo wengi wa ng'ombe walikuwa wameambukizwa. Kuwachinja wote ingekuwa kuwafilisi wakulima. Akafanya hivi: akalipima kundi, akaligawa mara mbili. Wazima huku, walioitikia kule, na ndama wa wagonjwa wakaondolewa kwa mama zao mara tu baada ya kuzaliwa na kulelewa kwa maziwa yaliyochemshwa. Kundi la wazima likapimwa tena na tena, aliyeitikia akahamishiwa kwa wagonjwa. Miaka ikapita, kundi la wagonjwa likawa linapungua na la wazima linaongezeka. Kwa nini lilifanikiwa? Kwa sababu ndama wengi huzaliwa wazima hata kwa mama mgonjwa. Wanaupata baadaye, kwa pumzi na kwa ziwa.

Hapa kwetu inawezekana, ila inataka nidhamu. Mazizi mawili yasiyogusana ua. Birika mbili. Kama birika ni moja, wazima wanywe kwanza, na kila siku liwe hivyo, isiwe siku ya kukumbuka tu. Ndama aliyezaliwa na mgonjwa apewe dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ya ng'ombe mzima aliyepimwa, kama lita mbili ndani ya saa sita za mwanzo. Dang'a haichemshwi, ukiitia motoni inaganda. Baada ya hapo, maziwa yaliyochemshwa na kupoa. Wagonjwa wasipandishwe tena. Kila anayekauka anakwenda machinjioni palipo na mkaguzi, na aende mapema. Hii ni hesabu ya fedha pia: aliyegunduliwa mapema, mkaguzi akikuta tezi moja tu imeharibika, anaondoa sehemu hiyo na nyama nyingine unauza. Ukisubiri mpaka ugonjwa umetapakaa mwilini, mzoga wote unazikwa.

Na zizi walilotoka? Osheni kwanza, mbolea yote itoke, kisha ndipo dawa. Bakteria huyu amevaa ganda la nta, na dawa nyingi za kunyunyizia mabandani, zile zinazotoa povu, hazimdhuru. Tumieni yenye fenoli, nusu lita kwenye lita kumi za maji, mwache ikae angalau nusu saa. Mkinyunyizia juu ya mavi mmeosha mavi.

Vijana wa machinjioni, ninyi ndio jicho la mkoa. Mnayajua maeneo: tezi zilizo nyuma ya koo, zilizo katikati ya mapafu, na zile zinazofuatana na utumbo. Mkikata, kisu kikakwaruza kama kimepita kwenye mchanga, na ndani kuna kitu cha njano kilichogandamana, simameni. Msikikate kipande mkakitupia mbwa. Mwiteni mkaguzi, na andikeni mnyama ametoka kijiji gani, maana tezi hiyo moja inatuambia zizi zima la kwenda kupima. Kisu kiwekwe kwenye maji ya nyuzi 82 kabla ya kugusa mzoga mwingine. Kibudu cha porini, nyama ya kugawana usiku, hakina jicho hilo.

Maziwa sasa. Mwaka 1901, Koch yule yule, akiwa London, alisema kifua kikuu cha ng'ombe hakina hatari ya maana kwa binadamu. Alikuwa mkubwa mno, wengi wakanyamaza. Waingereza wakaunda tume kuchunguza. Ripoti ya mwisho ikatoka 1911, Koch akiwa amefariki mwaka mmoja kabla: bakteria wa ng'ombe anaingia kwa binadamu, hasa watoto, na njia yake kubwa ni maziwa. Kwetu hatuhitaji kwenda London. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Rudovick Kazwala wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walichapisha kwamba wamempata bakteria wa ng'ombe kwenye tezi za shingo za wagonjwa wa Tanzania. Shingo, mnasikia? Mtoto mwenye uvimbe shingoni usioisha, asiyekohoa, na nyumbani wanakunywa maziwa mabichi, apelekwe hospitali. Na mkifika, mwambieni mganga: sisi tunafuga. Bakteria wa ng'ombe kwa asili haguswi na pirazinamaidi, moja ya zile dawa nne, na mashine ya makohozi ya kawaida inasema "kifua kikuu kipo" bila kusema kimetoka kwa nani.

Ni ng'ombe wachache tu kati ya walioambukizwa wanaotoa bakteria kwenye maziwa. Mtaniambia basi hatari ni ndogo. Ingekuwa ndogo kama kila nyumba ingekunywa ya ng'ombe wake. Lakini muuzaji anapita nyumba kumi, anamimina yote kwenye dumu moja la lita 40. Ng'ombe mmoja amefika nyumba zote za mtaa. Na muuzaji huyo huyo anatembea na laktometa ya kukamata maji! Tunaogopa maji kuliko ugonjwa.

Kiwandani wanapasha nyuzi 63 kwa nusu saa, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Wewe huna kipimajoto, basi chemsha mpaka yaumuke na kupanda, koroga, yaache yapande tena. Kuyapasha mpaka yatoe mvuke kisha ukaepua si kuchemsha. Na kugandisha si kuchemsha: ukali wa mtindi haumuui bakteria huyu kwa siku hizo chache mnazosubiri.

Mama zangu mtasema, maziwa yaliyochemshwa hayagandi, yanaoza na kuwa machungu. Kweli kabisa. Vile vijidudu vyema vya kugandisha vimekufa pamoja na vibaya. Kwa hiyo mrudishe vile vyema. Chemsha, poza sufuria kwenye beseni la maji mpaka yawe vuguvugu kwa mbali, tia mbegu: vijiko viwili vya chakula vya mtindi mzuri kwa kila lita, koroga, funika, yaache usiku kucha. Mbegu ya kwanza itoke kwenye mtindi wa kiwandani, si kwenye kibuyu cha maziwa mabichi, la sivyo umerudisha ulichokiua. Kibuyu chenyewe kina nyufa zisizosafishika. Sufuria, au dumu la alumini linalooshwa kwa maji ya moto.

Nimalizie na kuku, maana niliwaahidi. Kuku wa Dodoma na Singida anapendwa mpaka Dar es Salaam, na sifa yake moja ndiyo udhaifu wake: tunamkalisha sana. Tetea hodari wa kuatamia anakaa miaka minne. Kifua kikuu cha ndege kinataka umri. Kuku wa chini ya mwaka mmoja ni nadra kuonyesha dalili. Huyo mkongwe anakula vizuri lakini kidari kimeisha nyama, mfupa unakata kama kisu ukimshika. Kilemba kimepauka, mara nyingine anachechemea mguu mmoja, anaharisha. Mnamchanja kideri kila miezi mitatu kwa tone la jicho, na ni vizuri mno, endeleeni, lakini tone hilo halihusiki na huyu.

Mkimchinja, tazameni ini, bandama na utumbo kwa nje. Vinundu vya kijivu au vya njano, na kwenye ini ukivibonyeza vinachomoka vizima. Hapo msibishane wala msitafute dawa ya dukani. Anaambukiza kwa kinyesi, na udongo uliochafuliwa unaweza kumhifadhi bakteria hata miaka minne. Ndiyo maana mama anachinja wote, ananunua vifaranga wapya, anawaweka banda lile lile, na baada ya mwaka na nusu anaanza upya kulia. Kundi lote liondoke, banda jipya lijengwe mahali ambapo kuku hawakuwa wakichakura, la zamani livunjwe na kuachwa wazi juani. Vyombo vya maji na chakula viinuliwe juu wasivikanyage. Tetea asizidi miaka miwili, hata kama anaatamia mayai kumi na tano. Na kuku aliyerudi mnadani bila kuuzwa, baada ya kukaa kwenye tenga na wa vijiji kumi, asiachiwe moja kwa moja kundini.

Kinyesi cha banda hilo msiwape ng'ombe wala nguruwe kama chakula. Nguruwe anakipata kabisa, tezi za shingo na za utumbo zinavimba. Ng'ombe mara nyingi haumwi, ila anavuruga kile kipimo cha shingoni nilichowaeleza. Kuku watengewe pa kulala, mbali na hori.

Mzee pale nyuma ameinua mkono tangu kwenye dang'a, na nadhani anataka kuuliza kama kuku huyo analiwa. Mwenye vinundu haliwi, anazikwa au kuchomwa, na anayeishi na VVU asimpasue kabisa, ampe mwingine kazi hiyo. Karibu mzee, swali lako.